Timu ndogo ikipangwa na vigogo: hofu inatoka kwa hamasa au kwa maandalizi?

Mdau_wa_Kata:
Wakuu, habari za jioni. Timu ya vijana ya kata imepangwa na bingwa wa mkoa kwenye mtoano, zimebaki wiki mbili. Dakika 90 zikiisha sare, moja kwa moja matuta (mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi). Mazoezini vijana wako vizuri, ila likitajwa jina la mpinzani miguu inakuwa mizito. Viongozi wanataka aletwe mtu wa kuwahamasisha, awasimulie Zambia ya 2012 ilivyobeba Kombe la Mataifa ya Afrika. Simulizi kama ile inasaidia kweli uwanjani? Na hizo dakika za mwanzo, timu ipangwe vipi?

Namba_Sita:
Mkuu, isimuliwe, lakini isimuliwe yote. Wengi huanza na ajali ya Aprili 1993, ndege ilipoanguka baharini mara tu baada ya kuruka Libreville na wachezaji 18 wa Zambia wakafa, halafu wanarukia kombe lililobebwa katika mji uleule Februari 2012. Ni habari nzito, inastahili heshima yake. Ila kijana akiisikia hivyo anaona Zambia walishinda kwa baraka za marehemu, na yeye hapo hana cha kuiga.

Cha kuiga kiko ndani ya mechi zenyewe. Mchezo wa kwanza hawakusubiri Senegal wawazoee. Waliwapiga mawili ndani ya dakika 20, mechi ikaisha 2-1. Nusu fainali na Ghana, kipa Kennedy Mweene alipangua penalti ya Asamoah Gyan mapema, wakavumilia mpaka mshambuliaji wao Mayuka akafunga dakika ya 78. Fainali walikutana na Ivory Coast ambao hawakuwa wameruhusu goli hata moja mashindano yote. Dakika ya 70 Drogba, straika wa Ivory Coast, akapaisha penalti. Mechi ikaisha 0-0 baada ya dakika 120, kwenye matuta Kolo Touré na Gervinho wa Ivory Coast wakakosa, Zambia wakashinda 8-7. Waambie vijana hilo hasa: anayetegemewa kushinda naye anabeba mzigo, na kadiri dakika zinavyosogea bila goli mzigo wake unaongezeka. Kazi yenu ni kuzifikisha hizo dakika.

Beki_Tatu:
Naunga mkono, na hapo ndipo timu nyingi ndogo zinapoharibu. Zikiogopa zinarudi nyuma mno. Mabeki wanne wanasimama ndani ya kumi na nane (boksi la penalti), viungo wanawafuata, straika anabaki mita 40 mbele peke yake. Kila mpira unaobutuliwa unarudi baada ya sekunde tano, na mipira inayodondoka nje ya boksi inaokotwa na mpinzani kupiga mashuti. Goli likiingia watu wanasema vijana waliogopa, kumbe walipangwa vibaya.

Mstari wa mabeki ukae mita 5 hadi 8 mbele ya boksi lenu. Viungo wawe mita 10 hadi 12 mbele yao, straika asiachane na viungo kwa zaidi ya mita 15. Mpira ukiwa kulia timu nzima isogee kulia, winga wa kushoto aingie mpaka usawa wa kati. Zoezi lake: 8 wazuie dhidi ya 10, dakika 6 kisha pumziko la 2, mara nne. Fanyeni siku tatu wiki ya kwanza na mbili wiki ya pili, siku mbili za mwisho miguu ipumzike.

Kwa dakika 15 za mwanzo, kila mchezaji apewe kazi moja anayoijua. Beki wa kulia: mpira wa kwanza urefushe pembeni. Kiungo: pasi ya kwanza mrudishie aliyekupa. Kipa asianzishe mipira mifupi kabisa. Mwenye hofu akipewa maagizo matano anasahau yote.

Kasarani_Jukwaani:
Mnasahau upande wa pili. CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 Kenya waliingia kama wadogo, wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa kumi uwanjani kipindi chote cha pili. Robo fainali na Madagascar sasa wao ndio waliotegemewa, nyumbani, wakatangulia 1-0, wakasawazishiwa kwa penalti, wakatolewa 4-3 kwa matuta. Hofu ya kupoteza ulichokishika ni nzito kuliko ya kuanza. Mkipata goli msibadilishe umbali aliotaja Beki_Tatu hata mita moja. Wazoezeni hali hiyo: dakika 10 za mwisho za mazoezi, kikosi cha kwanza kinaongoza 1-0 na refa anawaonea.

Mdau_wa_Kata:
Asanteni sana. Vipi kuhusu matuta? Wengine wanasema hayafundishiki.

Golikipa_wa_Zamani:
Yanafundishika, mkuu. Tatizo ni kwamba yanafanyiwa mazoezi kwa mzaha, watu wamezunguka wanacheka. Mpigaji atoke mstari wa kati peke yake, wenzake wakiwa kimya, na miguu iwe imechoka. Mpira mmoja tu kwa siku, ukikosa umekosa, maana siku ya mechi hakuna wa pili.

Achague upande kabla hajaondoka mstari wa kati na asibadilishe njiani. Auweke mpira mwenyewe, arudi hatua nne au tano, atoe pumzi polepole. Filimbi ikilia asikimbilie kupiga. Ahesabu moja ndipo aanze. Mwenye hofu hutaka limalizike haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoharibu. Mpira unaopaa juu ya mwamba mara nyingi unatokana na mguu wa kuegemea (ule usiopiga) kubaki nyuma ya mpira na kifua kulala nyuma. Mguu huo uwe ubavuni mwa mpira, kifua juu yake.

Kipa wenu naye apange: goli lina upana wa mita 7.32, shuti kali linafika kwa nusu sekunde au pungufu, hivyo akisubiri kuona mpira amechelewa. Atazame nyonga na mguu wa kuegemea. Mguu wake mmoja ubaki kwenye mstari mpaka mpira upigwe, la sivyo atapangua na refa aamuru urudiwe. Na mpeni penalti apige naye. Mweene alipiga ya tano kwenye fainali ile ya 2012, akafunga.