Muziki wa Misa: tunagombania biti wakati waumini wamenyamazishwa

Mleta mada

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Kila Pasaka ikipita ugomvi ni uleule. Hawa wanasema kwaya zimeleta sebene mbele ya altare, wale wanajibu kwamba wazee wanataka kuturudisha kwenye Kilatini. Msimamo wangu nautoa mapema: mtindo si hoja. Wimbo wa Mtakatifu ambao watu wa kwenye mabenchi hawauwezi haufai kwa Misa, upigwe kwa ngoma, kwa kinanda au uwe wa Kigregori, ule uimbaji wa kale wa Kilatini.

Wengi hudhani malalamiko haya yalianza vilipoingia vinanda vya Kijapani. Mwaka 1903 Papa Pius X alishalalamikia muziki wa majukwaani uliojaa makanisani huko huko Italia, akakataza piano, ngoma na matoazi. Huo "muziki wa ukumbini" haukuwa wa kwetu. Ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wote: hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 iliuachia wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza, lakini ikaagiza muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima yake, na vyombo vingine vitumike kwa idhini ya wenye mamlaka. Jirani zetu walikuwa wameshatangulia. Misa Luba, Misa ya Kilatini kwa mtindo wa muziki wa Kikongo, iliimbwa Kamina, Kongo, mwaka 1958. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa ya Zaire (Kongo ya leo), ambayo padre na wahudumu wake hucheza kuizunguka altare. Anayesema kucheza ni ulokole aanzie hapo.

Ila kuna maelekezo ya Roma ya mwaka 1967 kuhusu muziki wa liturujia, Musicam Sacram, ambayo sijawahi kuyasikia yakitajwa kwenye semina za kwaya. Yanasema si vizuri kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa na kuwafungia watu nje kabisa.

Sasa nielezeni kwenu ikoje. Kwetu prefasi, ile sala ya padre kabla ya Mtakatifu, ikiisha, kinanda kinaanza utangulizi mrefu, padre amefumba mikono anangoja. Kisha unaingia Mtakatifu mpya kutoka albamu mpya. Sauti ya kwanza inapanda, besi wanajibu, tena wanazunguka na "hosana" yao. Kwenye mabenchi midomo inafunguka, inatafuta pa kushika, inafunga. Ukianza kukaririka, umeshabadilishwa.

Mpiga Kinanda

Milele, amina. Mkuu, naomba kutofautiana. Hizo mnazoziita nyimbo za heshima, nyingi ni tuni za Kijerumani walizokuja nazo wamisionari, maneno yakawekwa Kiswahili. Nazo zilikuwa ngeni, na babu zetu walijifunza. Kwa nini vijana wasitunge zao? Na tuwe wakweli, ukiwabana sana wanahamia kwa walokole. Halafu sisi tunapiga bure. Nauli ya mazoezi yangu, kitenge cha sare changu, na siku kinanda kikigoma macho yote kwangu.

Mama Jumuiya

Mwanangu, hakuna aliyekukataza kutunga, na Mungu akulipe kwa kujitolea. Ila hizo spika ziteremsheni. Sisi wenye miguu mibovu tunakaa mbele, karibu nazo, mpaka Baba Yetu tunaisali kwa kubahatisha. Mbona kwenye jumuiya hatuna kinanda, na wimbo ukianzishwa hata wajukuu wanaitikia?

Frateri Mstaafu

Niongeze mambo mawili ambayo hayahusiani na ladha ya mtu.

Kwanza, maneno ya wimbo wa Utukufu hayaruhusiwi kubadilishwa na mengine, katazo hilo limo kwenye mwongozo wa Misale, kitabu cha sala za Misa. Lakini sikilizeni Utukufu unaotungwa siku hizi: nusu ya maneno haipo, mahali pake kuna kiitikio kinachorudiwa mpaka mnachoka kusimama. Melodi tamu, sawa, ila huo si Utukufu tena.

Pili, kile kitufe cha staili kwenye kinanda, kinachopiga mdundo chenyewe. Maelekezo ya Roma ya mwaka 1958 yalikataa vyombo vinavyojipiga vyenyewe kwenye liturujia, wakati huo vikiwa gramafoni na redio. Sisi leo tunabonyeza rumba iliyotiwa kiwandani, ngoma na besi zinajipiga, mpiga kinanda anafuatisha. Kama mnataka ngoma, ngoma zipo. Ngozi, manyanga, kayamba, na vijana wa kuzipiga hawajaisha.

Mpiga Kinanda

Frateri, ngoma hizo zikipigwa ndio mtasema tena tumeleta unyago kanisani. Yameshatukuta.

Mleta mada

Hapo mpiga kinanda kanena, na ndiyo maana sitaki tubishane kuhusu chombo. Ila hoja yake ya walokole naigeuza. Vijana hawaendi kule kusikiliza kwaya ya sauti nne. Wanaenda kwa sababu pambio linaimbwa na ukumbi mzima, na mgeni akifika anajua kuitikia kabla halijaisha. Sisi tuna utajiri wa nota, zimejaa intanetini, tunachapa na kugawana, lakini zinaishia kwenye mafaili ya wanakwaya.

Pendekezo langu ni dogo. Parokia ichague Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, aina mbili tu kwa mwaka, na kwaya zote zifuate. Kiitikio cha wimbo wa katikati kiwe kifupi, mwimbishaji akifundishe kabla ya Misa kuanza. Tungo ngumu, zile zinazowapa raha walimu wa kwaya (nami nazipenda, nisiwe mnafiki), zibaki wakati wa matoleo na baada ya komunyo. Hapo kwaya iimbe, sisi tusikilize, hakuna aliyeonewa.

Tena wa Kigangoni

Mkuu, pendekezo ni zuri ila hujatuambia nani atamfunga paka kengele. Kwetu kuna kwaya nne, kila moja ina albamu yake, mlezi wake na harambee yake. Mtakatifu wa kwaya ya pili hauwezi kuimbwa na kwaya ya kwanza hata kwa bastola. Paroko mpya alijaribu kuziunganisha kwa Pasaka tu. Mazoezi yalivunjika kwa ubishi wa nani awe mwalimu, na mkesha ukaimbwa kwa zamu. Wewe kwenu ungeanzia kwa paroko, au kwa wenyeviti wa kwaya?