Mrejesho: Kunukuu mishororo ya Julius Caesar kwenye insha

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini nilikatwa alama baada ya kunukuu hotuba ya Antony, rafiki wa Caesar, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Nilikuwa nimeweka namba ya ukurasa tu, na mishororo nimeiunga kama aya ya kawaida.

Nimeandika upya kwa mtindo wa MLA (kanuni za kunukuu za Modern Language Association) mlionielekeza. Badala ya ukurasa naweka tendo, onyesho na mishororo: 3.2 (tendo la tatu, onyesho la pili), kisha namba za mishororo. Nukuu isiyozidi mishororo mitatu inabaki ndani ya sentensi yangu, mishororo yake ikitenganishwa kwa mkwaju (/). Ikizidi hapo naishusha chini na kuisogeza ndani, bila alama za nukuu, kila mshororo ukikaa peke yake.

Kilichonifumbua macho hasa ni Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar. Katika onyesho lilelile yeye anawahutubia Warumi kwa nathari (lugha ya kawaida isiyo na mishororo), Antony kwa ushairi. Kumbe Brutus hahitaji mkwaju kabisa! Tena mistari ya nathari hukatika kufuata upana wa ukurasa, ndiyo maana namba za mishororo ya Antony inayofuata hutofautiana kati ya chapa na chapa. Mimi nilisoma chapa moja, namba nikazitoa kwingine. Mwalimu alipozifuata hakukuta maneno niliyonukuu. Kosa hilo liliniuma kuliko mikwaju. Sasa nimetaja chapa yangu, na namba zote zinatoka humo.

Insha imerudi jana. Alama zimepanda, na pembeni mwa nukuu hakuna wino mwekundu.