Kuongoza mradi wa kundi chuoni kwa mara ya kwanza: tupeane uzoefu

Ssalongo_Wandegeya:
Makundi ya mradi wa mwaka wa mwisho yamebandikwa ubaoni, na kama kawaida aliyetangulia kwenye orodha amegeuzwa kiongozi bila kuulizwa. Watu sita, kikaushio kimoja cha mahindi cha jua, wiki 15 za masomo. Anayejua mambo yanapoharibikia aandike. Za "mpendane na mshirikiane" tumeshazisikia kanisani na msikitini.

Fundi_Chuma:
Hizo 15 ni za kwenye karatasi. Toa wiki ya kwanza, watu hawajarudi. Toa wiki ya mitihani ya katikati. Sikukuu zikijumlishwa zinakula wiki nyingine. Mbili za mwisho ni za kuandika na kuchapisha ripoti. Zimebaki 10, Mungu akipenda. Na fundi wa Katwe, ule mtaa wa mafundi chuma Kampala, akikuambia "kesho" ana maana umeme ukiwepo na asipotokea mteja mwenye pesa kukuzidi. Kwa hiyo mchoro ufike Katwe wiki ya 4.

Mchoro wenyewe uandikwe kwa milimita, na kila kipimo kiseme ni cha nje au cha ndani. Hapa ndipo pana kaburi la miradi. Mchomeleaji anatengeneza fremu ya 900 kwa 600, kapima nje kwa nje. Seremala wa trei naye kasoma 900 kwa 600, kakata trei za 900 kwa 600. Bomba la mraba lina milimita 25 kila upande, ndani ya fremu kumebaki 850 kwa 550. Trei nane, hakuna hata moja inayoingia. Na ukiwauliza, wote wawili wamefuata mchoro!

Kijana_wa_Busia:
Hii ya trei ni ya kila mwaka 😂

Nalongo_Hesabu:
Banange, hamjagusa pesa. Anayeshika simu ya michango asiwe ndiye anayenunua, na anayenunua asiwe ndiye anayeandika daftari. Msiniambie "fulani ni mwaminifu". Mwaminifu akiugua malaria na PIN anayo yeye, mradi unalala naye kitandani.

Bajeti nyingi zinasahau gharama ya kutoa pesa kwenye simu. Kuna kodi ya 0.5% ya kiasi unachotoa kwenye simu, halafu ada juu yake. Ukitoa shilingi 800,000, kodi peke yake ni 4,000. Na ada inakwenda kwa madaraja, kwa hiyo kutoa vielfu ishirini ishirini kunakula kuliko kutoa kwa mkupuo mara mbili. Pangeni siku za manunuzi. Risiti ipigwe picha palepale dukani, wino wa ile karatasi ya mashine unafifia kabla hamjafika kwenye hesabu. Kama kuna mfadhili, ataitaka ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi.

Fundi_Chuma:
Nalongo, fundi wa Katwe EFRIS ataitoa wapi? Ana kitabu cha kaboni na muhuri. Tena muhuri wenyewe wa kuazima.

Nalongo_Hesabu:
Chuma mnunue dukani kwa risiti, fundi alipwe ufundi tu, asaini hati ya malipo na namba yake ya simu.

Fundi_Chuma:
Na dukani VAT 18% inakungoja mlangoni. Fundi ananunua chuma kwa bei ya jirani yake. Wanafunzi hawana hiyo pesa.

Nalongo_Hesabu:
Hawana pesa ya kodi ila wanayo ya kurudisha kwa mfadhili wakikosa risiti? Haya ssebo.

Ssalongo_Wandegeya:
Wazee, taratibu. Bado sijapata hata msumari.

Dada_Arua:
La haraka: mkitaka kuwahoji wakulima, mwulizeni msimamizi WIKI YA KWANZA kuhusu kamati ya maadili ya utafiti, na usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Kibali hakitoki kwa siku mbili. Na dodoso la Kiingereza mbele ya mkulima anayesema Kilugbara litawapa majibu ya "ndiyo" hamsini. Lijaribuni kwa watu watano kwanza.

Mzee_wa_Zege:
Hiyo ya trei imenikumbusha mnara. Ninyi wa mahindi mna bahati, trei haimwangukii mtu.

Kundi fulani, chuo hakitajwi. Mnara wa tangi la maji, lita 1,000, nguzo nne za mkaratusi zenye kipenyo cha milimita 150, jukwaa mita 3 juu. Lita 1,000 ni tani nzima ya maji, tangi lenyewe bado. Kazi iligawanywa vizuri kabisa: wa msingi, wa nguzo, wa jukwaa, wa mabomba. Mbao za mshazari, zile za kukaza nguzo zisiyumbe, zilikuwepo kwenye michoro ya watu watatu. Kwenye orodha ya kazi hazikuwa za mtu yeyote. Wa nguzo alijua ni za wa jukwaa kwa kuwa ni mbao. Wa jukwaa alijua ni za wa nguzo kwa kuwa zinapigiliwa kwenye nguzo. Wa msingi alizichora kupamba ukurasa.

Siku moja kabla ya kuonyesha kazi, wa mabomba akafungua maji ili apime uvujaji. Akalijaza lote kwa mara moja. Saa kumi na mbili jioni, tangi limefika juu, upepo mdogo tu wa mvua ukaja. Nguzo hazikuvunjika. Zililala zote nne upande mmoja, polepole, kama ng'ombe anayepiga magoti, halafu tani moja ikatua juu ya rundo la matofali. Kivulini mwa mnara ule, dakika chache nyuma, walikuwa wamekaa watano. Walikuwa wametoka kwenda kununua rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai.

Kijana_wa_Busia:
Rolex iliokoa taifa 🙌

Dada_Arua:
Yesu wangu. Tangi lilipasuka?

Mzee_wa_Zege:
Kama boga.

Fundi_Chuma:
Nguzo za 150 kwa tani moja zinatosha na kubaki, mzigo wa kwenda chini haukuwa tatizo. Bila mshazari lile ni meza yenye miguu iliyolegea. Zinatakiwa pande zote nne, siyo mbili. Na tangi hujazwa robo, unasubiri, unapima wima kwa timazi, unajaza nusu.

Mzee_wa_Zege:
Hayo wameandika kwenye ripoti. Sura ya 5. Waliopanga zege nao wasisahau: vipande vya majaribio hupondwa siku ya 7 na ya 28. Ukimwaga wiki ya 12, jibu la siku 28 linakuja wiki ya 16, umeshakabidhi.

Ssalongo_Wandegeya:
Sasa mbao za mshazari za kikaushio ni zipi?

Fundi_Chuma:
Mashimo ya boliti, waya kutoka paneli hadi feni, mahali fremu inapokaa juu ya msingi. Popote kazi ya mmoja inapogusana na ya mwingine. Paandikie jina moja. Si mawili, moja.

Dada_Arua:
Na kazi iwe kitu cha kushikika. "Kukusanya data" siyo kazi. Kazi ni: sampuli 3 za kilo 5, zipimwe unyevu kabla na baada, Ijumaa saa kumi, fulani.

Mwanafizikia_Mbale:
Kuhusu unyevu huohuo: mahindi ya kuhifadhi yasizidi takriban 13.5%. Kilo 100 zenye 22% zikishuka hadi 13% hazitoi kilo 9 za maji. Vitu vikavu ni kilo 78, gawa kwa 0.87, umebaki na kilo 89.7. Maji yaliyotoka ni 10.3. Wengi wanachukua 22 wanaondoa 13 na feni inakuwa ndogo. Betri nayo, ile ya asidi ya 12V 100Ah, hesabu nusu tu, saa-wati 600. Mkikausha mbegu, joto lisivuke nyuzi 43, mtaua kiini.

Kipimo kimeharibika? Chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tia mahindi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, yamezidi 15%.

Kijana_wa_Busia:
Vipi mzembe wa kundi? Mfukuzeni.

Nalongo_Hesabu:
Ukimfukuza anakwenda kwa msimamizi analia, unapoteza wiki. Mpe kazi inayoonekana, kama kununua boliti.

Fundi_Chuma:
Mzembe na pesa tena? Mpe slaidi.

Dada_Arua:
Slaidi hapana! Mtaandika wenyewe usiku wa manane. Kila mtu asaini kazi yake kila Ijumaa, msimamizi apate nakala. Mwezi wa pili mzembe anajulikana bila kutajwa.

Mwanachuo_2:
Kwani kikaushio tu? Makerere walitengeneza gari la umeme.

Mzee_wa_Zege:
Kiira EV, 2011. Lilikuwa na viti viwili, na nyuma yake miaka na pesa ya serikali. Ssalongo ana wiki 10 na trei.

Nalongo_Hesabu:
Ripoti ichapishwe siku tatu kabla. Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, usiku wa mwisho kuna foleni na flashi zenye virusi.

Ssalongo_Wandegeya:
Webale nyo wote. Kaveera, plastiki ya kufunika kikaushio juu, napata wapi?

Dada_Arua:
Container Village, hapo Kampala, kwenye maduka ya pembejeo. Omba lile la kitalu, maikroni 200, lenye kinga ya miale ya jua. La kawaida linachanika mapema.

Ssalongo_Wandegeya:
Fremu ina upana wa 900, nichukue mita ngapi?

Fundi_Chuma:
900 ya nje au ya ndani?

Ssalongo_Wandegeya:
Ngoja niwaulize.