Nina shahada ya fiziotherapia, nataka kusomea osteopathia ngazi ya uzamili. Nianzie wapi?

Kiboriloni:
Wakuu, habari za jioni. Nimesoma fiziotherapia KCMC Moshi, shahada ya kwanza, na sasa niko hospitali moja ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wangu wengi ni wa mgongo: wavuvi, wakulima, vijana wa bodaboda walioanguka. Osteopathia, yaani tiba ya mikono kwa mgongo, misuli na viungo, imenivutia muda mrefu na nataka kuisomea ngazi ya uzamili. Kuna chuo cha mtandaoni kinanitumia ujumbe kila mara, kinasema naweza kupata diploma ya uzamili kwa miezi sita nikiwa nyumbani. Mjomba yuko tayari kunilipia. Mke wangu anasema tungoje kwanza tuulize. Kozi ya kweli inachukua muda gani? Niangalie Uingereza au Marekani? Na hiyo ya mtandaoni inafaa hata kwa kuanzia? Naomba kuwasilisha.

Binti_Pangani:
Kaka Kiboriloni, msikilize mkeo. Pesa ya mjomba isitoke kwanza.

Mimi nilitoka kwenye fiziotherapia kama wewe, nikasomea osteopathia hapa London huku nafanya kazi. Nitakueleza ya Uingereza. Ya Marekani aje mwenyeji wake.

Hapa kuna sheria ya mwaka 1993 inayolinda jina la kazi hii. Huwezi kujiita mtaalamu wa osteopathia kama hujasajiliwa na baraza lao, GOsC. Ukijiita, ni kosa la jinai. Na waliosoma hapa wanasajiliwa wakiwa wametoka kwenye kozi ambazo baraza limezitambua, orodha yake iko wazi kwenye tovuti yao. Kwa hiyo kabla hujauliza ada, uliza kama kozi imo humo. Njia ya kawaida ni shahada ya M.Ost, ambayo ni ya uzamili lakini inaanzia chini kabisa: miaka minne ya kusoma muda wote, zaidi ya hapo ukisoma huku unafanya kazi. Kwa daktari au fiziotherapia kumewahi kuwa na njia fupi, unaondolewa masomo uliyokwisha kuyafanya. Njia hizo huja na kuondoka, kwa hiyo waandikie vyuo vyenyewe.

Shirika la Afya Duniani nalo liliweka vigezo mwaka 2010. Asiye na msingi wa afya anatakiwa saa 4,200 za mafunzo, na ndani yake angalau saa 1,000 za kliniki chini ya msimamizi. Aliye tayari mtaalamu wa afya anaweza kufupishiwa, ila uwezo anaotakiwa kuwa nao mwishoni ni uleule. Pima sasa hiyo miezi sita ya kwenye simu.

Unapofundishwa mikono ndipo utaelewa kwa nini nasema hivi. Tulikuwa na zoezi moja: unywele unawekwa chini ya karatasi, unautafuta kwa ncha za vidole ukiwa umefumba macho. Ukiupata, inaongezwa karatasi ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ukibonyeza kwa nguvu unaupoteza. Baadaye unahamia mgongo wa mwenzako, unatafuta pingili ipi haichezi kama jirani zake, na mkufunzi anaweka kiganja chake juu ya chako: "Bado unasukuma. Legeza bega." Mimi niliyezoea kukanda na kunyoosha watu wazima wenye miili ya kazi, bega lilichukua muda kulegea.

Halafu kliniki. Unachukua maelezo ya mgonjwa, unampima, kisha unatoka chumbani kwenda kumweleza mkufunzi kabla hujaanza tiba yoyote. Mkufunzi wangu alikuwa na swali lake la kwanza kila siku: jambo baya kuliko yote linaloweza kuwa hapa ni lipi, na umejiridhisha vipi kwamba silo? Mtu mwenye ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, mkojo umegoma au unatoka bila yeye kujua, miguu inalegea, huyo anakwenda hospitali saa hiyohiyo. Siku nyingine alikuja mgonjwa wa mgongo wa muda mrefu, anakonda, anatoka jasho usiku. Wenzangu walitaja saratani. Mimi nikaongeza kifua kikuu cha uti wa mgongo, maana nyumbani tumekiona, na mkufunzi akanipa nafasi nilieleze darasa zima. Mgongo wa namna ile ukiukunja na kuualisha kwa nguvu unaweza kumpoozesha mtu. Ndiyo maana vyeti hivi vya haraka vinaniudhi sana, kaka. Anayeumia ni yule mvuvi wako.

Mkamba_Lansing:
Salamu kutoka Michigan. Ndugu yangu, hapa Marekani mambo ni tofauti kabisa. Anayehitimu hapa anapata shahada ya DO (udaktari wa osteopathia) na ni daktari kamili: anaandika dawa, anafanya upasuaji, anaweza kuwa daktari wa watoto au wa moyo. Ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza, na vyuo hutaka mtihani wa MCAT ndipo uingie. Ukiwa chuoni kuna mitihani ya leseni iitwayo COMLEX, kisha mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini, miaka mitatu au zaidi. Tangu 2020 mafunzo hayo ya DO na ya MD, yaani madaktari wa kawaida, yako chini ya mfumo mmoja. Tiba ya mikono ni saa kama 200 hivi kati ya hayo yote, na wengi wakishaanza kazi hawaitumii sana.

Chimbuko ni hukuhuku: Andrew Taylor Still alifungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Lakini aliyesomea Uingereza hawezi kuja hapa akafanya kazi kama DO. Na vyuo vingi havichukui wanafunzi wa kigeni, hivyo ulizia hilo kabla ya kulipia mtihani wowote.

Ukhty_Tanga:
Dada Binti_Pangani, samahani nadandia uzi. Nami ni fiziotherapia. Nasikia wanafunzi wanajifunzia miili yao kwa yao wakiwa wamevua nguo. Mimi najisitiri. Inakuwaje?

Binti_Pangani:
Swali zuri mdogo wangu, na uliulize mapema. Ni kweli, darasa la mbinu mnakaa na kaptura na fulana ya ndani ili mgongo uonekane. Mimi nilizungumza na mkuu wa kozi kabla ya kusaini chochote. Nilipangiwa wenzangu wa kike, pazia likavutwa, nikawa nafunua sehemu inayopimwa tu. Omba wakuandikie kwa barua pepe, wasikuahidi kwa mdomo.

Kiboriloni:
Nimewaelewa wakuu, asanteni sana. Nimemwambia mjomba asubiri. Dada, ukiwa mimi ungefanya nini mwaka huu?

Binti_Pangani:
Kwanza amua utafanya kazi wapi. Ukitaka kubaki nyumbani, usajili wako wa fiziotherapia ndio unaokulisha, usiuache ulale. Hapo uzamili wa fiziotherapia ya misuli na viungo unaweza kukufaa zaidi, na mbinu nyingi za mikono utazikuta humo.

Ukitaka Uingereza, ujue wengi wetu tumejiajiri, NHS, huduma ya afya ya serikali, ina nafasi chache za osteopathia. Ningeanza kwa kuomba usajili wa fiziotherapia kwa HCPC, baraza linalosajili wana-fiziotherapia huku, maana ukipata kazi kwa njia hiyo utaweza kusoma huku unalipwa. Kwa viza ya mwanafunzi utaruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na ada ya mgeni ni mzigo.

Chukua nakala ya matokeo yako ya chuo yenye masomo na saa zake, pamoja na barua ya hospitali inayotaja saa zako za kliniki, zitume kwa vyuo viwili au vitatu vya kwenye ile orodha ya GOsC na uulize watakupunguzia nini. Wakijibu, weka majibu hapa tuyasome pamoja.