Naomba ushauri: majina ya Kikatoliki katika Rosa Mistika

Wanajamvi, naomba msaada wa uchambuzi. Jina la riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa Mistika, limetoka kwenye Litania ya Bikira Maria, sala ya Kikatoliki inayomtaja Maria kwa majina ya sifa: "Waridi lenye fumbo". Mama wa Rosa, mhusika mkuu, ni Regina, yaani Malkia. Mmoja wa wadogo wa Rosa ni Stella, nyota. Lakini Malkia huyu anapigwa na mumewe Zakaria, na Rosa anajiua.

Wengi husema majina haya ni kejeli tu. Naona hoja hiyo inakwama kwenye hukumu ya mwisho, Rosa na baba yake wakiwa mbele ya Mungu: ingekuwa kejeli tupu, kesi ya nini?

Je, majina yasomwe kama shtaka dhidi ya malezi ya Zakaria? Nielekezeni sura za kuanzia.