Duende katika flamenco: je, mwimbaji anaweza kuiandaa, au huja yenyewe?

Swali

Wadau wa muziki, naomba mnisaidie katika jambo linalonitatiza. Nimekuwa nikisikiliza flamenco, muziki wa kusini mwa Hispania, hasa ule uimbaji mzito wa jimbo la Andalucía uitwao cante jondo, na kila ninaposoma habari zake nakutana na duende, nguvu inayosemwa kwamba humpanda mwimbaji na kuwaliza wasikilizaji. Kinachonishangaza ni kwamba wanaosifiwa kuwa nayo mara nyingi ndio wenye sauti zilizokwaruza, ilhali wenye sauti nyororo huambiwa tu kwamba wameimba vizuri. Je, duende hutokana na mazoezi, au msanii hana uwezo nayo kabisa? Na kama hana, anayelipa kiingilio analipia nini?

Jibu la kwanza

Ndugu, anzia kwenye kisa alichokisimulia mshairi Federico García Lorca katika mhadhara alioutoa Buenos Aires mwaka 1933, kwa kuwa huo ndio ulioifanya duende ijulikane mbali na Hispania. Pastora Pavón, maarufu kama La Niña de los Peines, alikuwa akiimba katika kilabu cha pombe mjini Cádiz. Aliichezea sauti yake atakavyo, lakini watu walikaa kimya, hawakuguswa. Mtu mmoja akasema kwa kejeli, kwa sauti ya chini, “Idumu Paris!”, akimaanisha kwamba watu wa pale hawakuja kutafuta ustadi. Pastora akainuka kama aliyerukwa na akili, akabugia glasi kubwa ya cazalla, pombe kali ya huko, kisha akaketi na kuimba bila sauti na bila pumzi, koo likimwaka. Hapo ndipo duende ilipofika.

Wengi hukisoma kisa hiki wakadhani kinatufundisha kudharau ustadi. Mimi nakielewa kinyume chake. Pastora, mzaliwa wa Sevilla wa mwaka 1890, aliijua mitindo ya flamenco kwa upana ambao wachache wa zama zake waliufikia, na usiku ule aliweza kuitupa sauti yake nzuri kwa sababu mapigo na mapito ya wimbo yalikwisha kumkaa mwilini, asihitaji tena kuyafikiria.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila tusimwache mwimbaji peke yake. Soleá, mmojawapo wa mitindo ya flamenco, huenda kwa mzunguko wa mapigo 12, na mkazo huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mpiga gitaa, wapiga makofi na wasikilizaji wenye uzoefu wote wanaubeba mzunguko huo vifuani mwao. Mtazame mwimbaji anavyoanza. Hutoa “ay” ndefu isiyofuatwa na neno lolote, akiitafutia sauti yake mahali pa kusimama, na mpiga gitaa, aliyekwisha kufunga kibanio kwenye shingo ya gitaa ili tuni ilingane na koo la mwenzake, humtazama mdomo na kujizuia kujaza nafasi ile. Baadaye mwimbaji anaweza kuchelewesha neno la mwisho mpaka uhofu kwamba ameupoteza mzunguko, kisha akatua sawasawa juu ya pigo la 10. Hapo ndipo mtu wa nyuma anapoitikia “olé”, na mwitikio huo humjulisha mwimbaji kwamba hatari aliyojitia imeonekana, naye hupata nguvu ya kwenda mbali zaidi. Aliyezoea kumwona shabiki wa taarabu akiinuka kwenda kutunza pale shairi linapomchoma atanielewa upesi. Olé ikitolewa ovyo, mwimbaji hupoa.

Jibu la tatu

Naomba kutofautiana kidogo. Lorca alikuwa mshairi, na duende yake imejaa kifo na giza kwa sababu hayo yalimshughulisha katika ushairi wake. Walioubeba uimbaji huu kwa sehemu kubwa ni Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, katika mitaa ya Triana, Jerez na Cádiz. Hao ndio watu ambao mwaka 1749 walikamatwa kwa maelfu kwa amri ya serikali ya mfalme. Tía Anica la Piriñaca, mwimbaji wa Jerez, alisema kwamba anapoimba hadi moyo wake ukaridhika, kinywa chake huwa na ladha ya damu. Kauli hiyo inanitosha kuliko mhadhara mzima.

Tukiigeuza duende kuwa fumbo, tunasahau malezi. Mtunzi wa muziki Manuel de Falla na Lorca walipoandaa shindano la cante jondo mjini Granada mwaka 1922, waliwazuia waimbaji wa kulipwa, wakiamini kwamba usafi wa sanaa hii umebaki kwa watu wa kawaida. Waliong’ara walikuwa mzee Diego Bermúdez, aitwaye El Tenazas, na Manolo Caracol, mtoto wa miaka 12 aliyelelewa katika ukoo wa wasanii wa flamenco. Naudhika ninapowaona waimbaji chipukizi wakikunja nyuso na kupasua sauti katika wimbo usiodai hivyo, kwa sababu watalii wameahidiwa duende kila usiku.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Mnanishauri nimsikilize nani kwanza?

Jibu la nne

Msikilize Fernanda de Utrera akiimba soleá, hasa anaposindikizwa na gitaa la Diego del Gastor. Sauti yake ni ya kukwaruza na kila inapopanda hukaribia kukatika, lakini haachi mstari kabla haujafika mwisho. Kuhusu kiingilio, Manuel Torre wa Jerez alijulikana kwa kuyumba: leo huimba bila kumgusa mtu, siku nyingine huwaacha wasikilizaji hoi, na bado watu walimfuata. Unalipia ujuzi wake na nafasi ya kuwepo iwapo jambo litatokea. Ila kabla ya kumsikiliza Fernanda, jizoeze kuhesabu yale mapigo 12 kwa vidole, ndipo utakapong’amua ni wapi anajihatarisha.