Punda wangu amegoma kuvuta mkokoteni: naombeni ushauri

Mteka Maji, Kisauni: Assalamu alaykum ndugu zangu. Punda wangu jike, anayevuta mkokoteni wa maji, kwa siku nne sasa kila nikimfunga nira hurudi nyuma na kujibana ukutani, na hata bakora haimsogezi. Wateja wananisubiri tangu alfajiri. Punda kaidi hurekebishwaje?

Bi Likoni: Mwanangu, marehemu baba yangu alifuga punda Lamu, na kabla ya kumfunga alimpapasa kwa kiganja kuanzia shingoni hadi kiunoni, kwa kuwa punda huficha maumivu yake. Sikumbuki kumsikia akimwita punda kaidi.

Tabibu wa Mifugo: Mzigo ni mitungi mingapi, na ngozi iliyo chini ya nira ikoje?

Mteka Maji, Kisauni: Ilikuwa mitungi 12 ya lita 20, lakini tangu mifereji ikauke nimeongeza ikawa 20. Kidonda kipo begani, si kikubwa, nami nimekiwekea gunia kama wafanyavyo wenzangu wote.

Tabibu wa Mifugo: Hizo ni kilo 400 za maji pekee. Gunia linakisugua kidonda kila anapopiga hatua, na bakora inamfundisha kukuogopa tu. Kidonda kilichoingia udongo na kinyesi ni njia ya pepopunda, na punda hushikwa nao kwa urahisi. Mfungue leo, na mwite daktari wa mifugo amwone.

Mwenye Haki: Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtwisha mnyama mzigo uliozidi nguvu zake.

Msomaji wa Tudor: Mimi nashuku kisa hiki kimetungwa. Kwanza ulikuwa ukaidi, kisha kidonda, kisha gunia.

Mteka Maji, Kisauni: Sikutunga, niliona haya. Kuna mtu amenipa arubuni ili amchukue akachinjwe kwa ajili ya ngozi, nami nusu yake nimeshalipia karo. Si afadhali hivyo kuliko anifie mkononi?

Bi Likoni: Arubuni ni deni, mwanangu, hurudishwa kidogo kidogo. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliidhinisha marufuku ya biashara hiyo ya ngozi, kwa sababu punda walikuwa wakiisha.

Mteka Maji, Kisauni: Nimemfungua. Gunia limebanduka na ngozi, akatetemeka miguu yote minne bila kutoa sauti. Tabibu, nimwoshe kwa chumvi kiasi gani?

Tabibu wa Mifugo: Kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa.